Mvule wa Ugoma, parke ya Bruxelles, pavema ya Baraka

Andiko la leo ni refu kidogo, mutanivumilia. Linahusu kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukiangalia.

Ingia nyumba yoyote kwetu huku. Utakuta udongo uliopigwa vizuri na mama wa nyumba, ao pavema ya saruji, na kwa wale ambao Mungu amewafungulia mkono, karo. Mbao ya kukanyaga haiko. Na bado nyuma yetu kuna msitu wa Itombwe, kusini kuna Ngandja na Kabobo, na mbao zinashuka mpaka kando ya ziwa zikielekea kwa wengine. Halafu ukifika Bruxelles, kuna nyumba ambamo watu wanaishi katikati ya mti wa Congo tangu zaidi ya miaka 120. Hiyo ilitokeaje? Nani alichagua mti gani, na juu ya nini? Mimi ni mtu wa agronomia, si mwanahistoria. Lakini nikiulizwa "mti gani unafaa kwa sakafu", naona kitabu cha ufundi peke yake hakitoshi kujibu.

Tuanze na neno lenyewe. Sakafu limetoka kwa Kiarabu, saqf, na kule maana yake ni paa. Mnaona? Tunachoita chini kilikuwa juu! Sababu iko kwenye nyumba za mawe za pwani, Zanzibar na Lamu. Mafundi wa kule walilaza boriti za mikoko juu ya kuta, wakapanga mawe ya matumbawe, wakamwaga chokaa na kokoto, kisha watu wakaipiga siku nyingi mpaka ikakamata. Paa la chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Na kwa sababu boriti ya mkoko haibebi uzito huo ikizidi karibu mita 3, vyumba vya nyumba hizo vilibaki vyembamba na virefu. Yaani mti uliopatikana ndio uliokata kipimo cha chumba. Hata tajiri wa kumiliki majahazi alilala katika upana ambao mkoko ulimruhusu.

Lugha ya pwani ilipopanda na misafara kupitia Tabora na Ujiji mpaka kufika kwetu, neno sakafu likaja. Nyumba yenyewe haikuja. Mkoko hauoti Tanganyika. Wazee wetu waliendelea na udongo, na kwa nyumba ya chini moja udongo ni akili: hauozi, mchwa hawaupendi kama mbao, ukiharibika unaupaka tena asubuhi.

Hapo mtu atasema: basi sisi hatukuwa na elimu ya kuchagua mbao ya kukanyaga. Hapana. Tulikuwa nayo, ila ilikuwa majini.

Chini ya mtumbwi ni sakafu. Ni sakafu ngumu kuliko zote, kwa maana inalowa na kukauka, inalowa na kukauka, inakanyagwa na watu na mizigo, inakokotwa kwenye mchanga na mawe. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Speke, alipanda mtumbwi mwaka uleule mpaka Uvira, akapita kwetu, akadhani Ubwari ni kisiwa. (Ndiyo yule ambaye ghuba ya Baraka inaitwa kwa jina lake kwenye ramani, Golfe de Burton.) Katika kitabu chake cha 1860 anaeleza kwamba mitumbwi mikubwa ya ziwa ilichongwa kwa mivule ya Ugoma. Ugoma ni upande wetu, nchi ya Wagoma, ukitoka Fizi kuelekea Kalemie. Watu wa Ujiji, waliokuwa na soko kubwa na wageni wengi, walitegemea magogo ya ng'ambo hii.

Sasa kwa nini mvule? Tuko na jibu la maabara leo. Mvule, Milicia excelsa, ukikauka una uzito wa karibu kilo 650 kwa meta kibi moja: si mwepesi wa kuvunjika, si mzito wa kuzamisha chombo. Haunywi maji haraka, haujikunji sana ukikauka, na kuvu na mchwa wanaushindwa kwa miaka mingi. Shina lake linaenda juu limenyooka bila matawi, mita nyingi. Lakini waliochonga Ugoma hawakungoja maabara. Walijua kwa kupoteza mitumbwi. Mti mbaya ulipasuka katikati ya ziwa na watu wakafa, kwa hiyo jina la mti mzuri likabaki kwenye vinywa. Elimu ya namna hiyo inalipwa bei ghali, na ndiyo maana inaniuma kuona tunaiacha ife na wazee.

Sasa tuvuke mpaka Ubelgiji.

Mwaka 1897 kulikuwa na maonyesho makubwa Bruxelles. Sehemu ya Congo, nchi ambayo wakati huo Mfalme Léopold II aliishika kama mali yake mwenyewe, iliwekwa Tervuren, nje kidogo ya mji. Msimamizi mkuu wa serikali ya Congo huko Bruxelles, Edmond van Eetvelde, alitaka Wabelgiji wapende bidhaa za koloni. Mbinu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: alitafuta wasanifu na wachongaji vijana waliokuwa wakipendwa sana wakati ule, wakatumia mbao za Congo. Georges Hobé alijenga ndani ya jumba la Tervuren kazi kubwa ya mbao za bilinga, mti wa rangi ya manjano-machungwa. Victor Horta alimjengea van Eetvelde mwenyewe nyumba mjini, na mbao za Congo zikaingia ndani ya nyumba za matajiri. Hapo mti ulichaguliwa kwa macho. Rangi ya dhahabu, rangi ya damu, rangi ya kahawa. Hakuna aliyeuliza kwanza utakaa miaka mingapi chini ya miguu.

Bustani ileile ya Tervuren ilikuwa na kitu kingine. Wacongomani 267 walipelekwa pale ili wageni wawaangalie. Saba walikufa Ubelgiji, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Naandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalisimama pamoja, kwenye tikiti moja. Mbao zilipata sifa kwa uzuri wao. Watu waliotoka nchi ya mbao hizo walizungushiwa wigo.

Mwaka 1898 jumba likageuka kuwa makumbusho ya kudumu, na kuanzia hapo vipande vya mbao vikaanza kukusanywa. Leo Tervuren iko na akiba ya zaidi ya vipande 50,000 vya miti, moja ya akiba kubwa kabisa duniani, na sehemu kubwa imetoka Afrika ya kati. Mwanafunzi wa kwetu anayetaka kuona kipande cha mti wa nchi yake kilichoandikwa jina vizuri, mara nyingi ni rahisi zaidi akiomba viza.

Nikisema hivyo sisahau Yangambi. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Congo ya Wabelgiji, ilianzishwa 1933, na kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi, kando ya mto, karibu na Kisangani. Sisi tuliosoma agronomia tunajua jina hilo kwa ajili ya kahawa na michikichi. Lakini watu wa INEAC walishughulika na mbao pia. Mwaka 1953 Fouarge, Gérard na Sacré walitoa kitabu Bois du Congo, kinachopanga miti yetu kwa vipimo. Hapo uchaguzi ukabadilika. Mti haukuwa tena rangi tu, ulikuwa nambari.

Nambari gani? Nieleze kwa ufupi, maana hapa ndipo fundi na msomi wanapaswa kusikilizana. Ya kwanza ni ugumu. Mu-Sweden Johan August Brinell alipata njia ya kukandamiza mpira wa chuma juu ya kitu na kupima kidonda kinachobaki, karibu na mwaka 1900. Gabriel Janka wa Austria akaigeuza kwa ajili ya mbao mwaka 1906: mpira wa milimita 11.28 unasukumwa mpaka nusu yake iingie ndani ya mbao, na unasoma nguvu iliyotumika. Wafaransa wako na kipimo chao, cha Monnin, ndicho utakikuta kwenye vitabu vya Kifaransa vya miti ya kwetu. Vyote vinauliza swali moja: kisigino cha mwanamke na mguu wa meza vitaacha alama?

Watu wengi wanasimama hapo. "Mbao ngumu ndiyo nzuri." Nakataa. Ninavyoona mimi, ugumu ni wa pili. Wa kwanza ni kutembea kwa mbao, maana mbao haifi ikikatwa. Inaendelea kunywa na kutoa unyevu pamoja na hewa. Na haitembei sawasawa pande zote. Kufuata mzunguko wa pete za mti inajikunja karibu mara mbili kuliko kufuata mstari wa kutoka gandani kwenda moyoni. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa ovyo unageuka kama kigae cha mgongo wa kobe, na ule uliopasuliwa kuelekea moyo unatulia. Mikaratusi tunayopanda kila mahali ni migumu ya kutosha kwa mguu wowote, lakini ukiweka sakafu ya mkaratusi mbichi wakati wa mvua hapa Baraka, kufika kiangazi utaingiza kidole katikati ya ubao na ubao. Mvule hauko mgumu kama huo, lakini unatulia. Mninga wa Katanga na Tanzania unatulia zaidi, ndiyo sababu maseremala wa kule wanauheshimu. Wenge ni mzito, karibu kilo 870, na Ulaya uliingia sana kwenye parke kwa rangi yake ya kahawa nyeusi. Kwa bahati nzuri unafaa kweli, rangi na ugumu vilikutana. Si kila mara vinakutana.

Fundi mbao mmoja wa hapa Baraka, mzee wa kutengeneza boti, nilimuuliza anajuaje mbao imekauka. Alichukua vipande viwili akavigonganisha karibu na sikio langu. Kimoja kilisema du, kingine kilisema ta. "Hiyo ya du bado inalia mayi," akasema. Kwenye memwari yangu ya lisansi nilikuwa na fomula ya unyevu kwa asilimia: pima kipande, kikaushe kwenye tanuri, pima tena. Fomula na sikio vinasema kitu kimoja. Tofauti ni kwamba yeye hana tanuri na kazi inamngoja kesho.

Kuna mti mmoja wa pwani ya Kenya na Tanzania ambao historia yake inatufaa kuijua, kwa sababu ni kama kioo. Unaitwa muhuhu ao muhugu, Brachylaena huillensis. Una uzito unaozidi kilo 900, haulegei kwa msuguano, na katika karne ya 20 ulisifika kuwa mti wa sakafu za mahali penye miguu mingi. Shina lake ni fupi na limepinda, kwa hiyo ulikatwa vipande vidogo vya parke badala ya mbao ndefu. Ulikuwa pia mti unaopendwa na wachongaji wa vinyago. Unakua polepole sana. Leo kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, watu wa uhifadhi wanahangaika na wezi wa muhugu mmojammoja. Sifa ya mti kwa sakafu ndiyo iliyoumaliza. Hakuna aliyepanda wa kutosha wakati sifa ilikuwa inapanda.

Tumeona tena hadithi hiyo karibu. Mukula wa Katanga ya Juu na Zambia, mti mwekundu, haukuwa na jina kubwa sokoni mpaka wanunuzi wa China walipoutaka. Katika miaka michache magari yalijaa magogo, na mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji ruhusa. Afrormosia ya upande wa Kisangani na Bumba, mti wa parke na wa boti za anasa, uliingia orodha hiyo tangu 1992. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, akaju ya Afrika (Khaya) ikaongezwa. Mvule hauko humo. Maana yake si kwamba uko salama. Maana yake ni kwamba hauna mlinzi huyo.

Na soko letu? Ukiuliza meza nzuri Bujumbura, muuzaji atakuambia ni ya libuyu, mbao nyekundu ya jamii ya akaju kutoka Congo. Kenya ilifunga ukataji katika misitu ya serikali Februari 2018, na Rais William Ruto akatangaza kuufungua Julai 2023. Kwa miaka hiyo mitano hamu ya mbao za Nairobi haikufungwa, iligeukia nje. Kwetu Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inajua ruhusa ya ukataji wa mikono kwa Mcongomani. Lakini kwenye karatasi nyingi nilizopata kuziona, mti unaandikwa "mbao nyekundu" ao "mbao ya mvule" bila kujua kama ni mvule kweli. Mti uleule unaitwa mvule na Mswahili, kambala na mfanyabiashara wa Kinshasa, iroko na Mfaransa. Jina likiwa na matatu, wizi unapata nafasi ya nne.

Hapa ndipo msomi wa leo anaingia. Paroko anataka jukwaa la kanisa lisilolia chini ya kwaya. Shirika linataka mbao za daraja kwenye njia ya Lulenge. Mwenye duka anataka sakafu ya kuinua magunia ya maharagi yasiguse saruji yenye unyevu. Wote watauliza: mti gani? Jibu la kawaida ni "mvule, basi," kama vile kuna mti mmoja tu chini ya jua. Kwa jukwaa la ndani, penye kivuli na ukavu, mvule ni hasara. Mti wa kupandwa uliokaushwa miezi mingi chini ya paa, umepasuliwa kuelekea moyo, umeunganishwa kwa ulimi na mfereji, utafanya kazi ile. Kwa sakafu ya ghala, palipo kavu, vilevile. Mvule ubaki kwa chini ya boti na kwa daraja, mahali mayi na jua vinabadilishana zamu. Wachongaji wa Ugoma hawakupoteza mvule kwenye kiti.

Mtu atasema: tupande mvule tu, shida iishe. Wengi wamejaribu, tangu wakati wa ukoloni, na mdudu mdogo akawashinda. Anaitwa Phytolyma. Anatoboa majani machanga ya mche, mti unafanya uvimbe, uvimbe unapasuka, ncha inaoza. Shamba la mivule mitupu ni karamu kwake. Miche iliyotawanywa katikati ya miti mingine, yenye kivuli kidogo utotoni, inaponea zaidi. Tena mvule una mume na mke, kila mti jinsia yake. Ukikata yote mikubwa ya bonde moja, unaweza kubaki na wanaume watupu na hakuna tunda tena. Matunda yanapoiva popo wanayala usiku na kupeleka mbegu mbali. Yule popo tunayemrushia mawe shuleni ndiye mpanda mvule wetu.

Kwa hiyo wale wa Mutambala na Ngandja wenye mvule jike karibu na nyumba: matunda yakianguka, yachukueni siku ileile, yaacheni yalainike, muyaoshe kwenye ndoo, mbegu ni ndogo kama za nyanya. Zikausheni kivulini, si juani. Zipandwe mapema, maana zikikaa wazi zinapoteza nguvu ya kuota. Mche ukifika goti, uingizeni katikati ya kahawa ao migomba, mmoja mmoja, mbali na mwenzake. Na andikeni kwenye daftari mahali mti mama uliposimama, pamoja na jina ambalo wazee wa pale wanauita.